Unahamia Nairobi na unataka mtaa wa kishua? Soma hii kabla utume deposit

Umepata wera Nairobi. Hongera. Barua iko mkononi, mshahara unasomeka vizuri, na binamu yako huko ocha ameshaanza kukuita "boss wa Kilimani". Kimebaki kitu moja tu: keja. Na hutaki keja yoyote. Unataka ushuani, penye miti, lami, soja kwa geti, na hakuna spika ya mahubiri inakuamsha saa kumi na moja asubuhi.

Hapo uko sawa. Lakini jua mapema, Kanairo jina la mtaa linauzwa kivyake na starehe inauzwa kivyake. Unaweza lipa pesa ya Kilimani na bado uoge na ndoo kama msee wa Pipeline. Unaweza pia kupata keja imetulia, maji yako, usingizi uko, kwa mtaa ambao hakuna mtu anaupost. Na ukishasaini lease ya mwaka mzima na kuachilia deposit ya miezi miwili, kubadilisha mawazo kutakutoa pesa karibu ya kununua nduthi. Kwa hivyo cheki kwanza kile unanunua.

Ushua wenyewe ulitoka wapi

Wakati wa mkoloni, jiji liligawanywa kwa rangi ya ngozi. Wazungu walijichukulia magharibi na kaskazini, kwa miinuko, penye baridi kidogo na udongo mwekundu unaomeza maji. Wahindi wakawekwa pande za Parklands na Ngara. Mwafrika akapelekwa Eastlands, kwa ule udongo mweusi unaokushika viatu mvua ikinyesha. Muthaiga Club ilifunguliwa 1913. Pale Karen nyumba ya Karen Blixen, aliyeondoka Kenya 1931, sasa ni makumbusho. Uhuru ulipokuja 1963 rangi ikatolewa kwa sheria, lakini pesa ikabaki pale pale. Ndio maana mpaka leo ramani ya mababi inafanana sana na ile ya zamani.

Pia kuna mambo ya juzi juzi. Gigiri iko vile iko sababu ya UN: makao makuu ya UNEP na UN-Habitat yako hapo, na ubalozi wa Marekani ulihamia huko baada ya bomu ya 1998 katikati ya tao. Halafu Karura. Huo msitu unaopoza Muthaiga, Gigiri na Runda ulikuwa unagawiwa kama keki miaka ya tisini, na Wangari Maathai alipigwa na magoons Januari 1999 akienda kupanda mti. Siku utaenda kukimbia huko asubuhi, kumbuka.

Leo, ushuani kuna mitaa ya aina mbili. Kuna ya nyumba yenye uwanja wake: Karen, Runda, Muthaiga, Kitisuru, Nyari, Loresho. Hapo unapata nusu ekari au zaidi, ua, mbwa, na jirani ambaye hutawahi kumwona. Halafu kuna ya ghorofa: Kilimani, Kileleshwa, Westlands, Riverside, Parklands, na sehemu kubwa ya Lavington siku hizi. Kama hii ndio job yako ya kwanza ya maana, wewe ni wa ghorofa. Usikasirike, ni hesabu tu.

Lakini kuna mlango wa nyuma, na watu wa Nairobi wanaujua: SQ. Hizo nyumba kubwa zilijengewa kajumba nyuma, ka mfanyakazi. Siku hizi wenye nyumba wengi wanakarabati hako kajumba, wanaweka tiles na jiko safi, wanakodisha kwa msee single au couple. Unaishi Lavington au Karen, unatumia geti ile ile na ua ule ule, na rent haiko hata karibu na ya nyumba kubwa. Kabla uruke, uliza maswali manne. Mita ya stima ni yako au mnagawana? Geti inafungwa saa ngapi? Wageni wanaweza kulala? Na mbwa, ameshazoea watu? Swali la geti ndilo litakuuma zaidi. Kuna wazee wa heshima kabisa ambao saa nne usiku kufuli ishaingia, na ukirudi saa tano unaongea na ukuta.

Hesabu kabla mapenzi

Tuseme umeona keja ya 80,000 kwa mwezi. Landlord anataka deposit ya miezi miwili: 160,000. Ongeza rent ya mwezi wa kwanza, uko 240,000. Keja za bei hii mara nyingi zinakuja na lease iliyoandikwa na wakili, na huyo wakili mara nyingi unamlipa wewe. Juu yake kuna stamp duty ya serikali: lease isiyozidi miaka mitatu ni asilimia 1 ya rent ya mwaka, hapa 9,600. Ongeza lori ya kuhama. Umepita 250,000 na bado huna pazia.

Sasa uliza kuhusu service charge. Hiyo ndiyo inalipa soja, lifti, jenereta, takataka, na ile swimming pool utaingia mara mbili kwa mwaka. Keja zingine imeingia ndani ya rent, zingine iko kando, na ajenti hatakwambia mpaka umependa balcony. Uliza pia kama parking ni moja au mbili, na rent inapanda asilimia ngapi kila mwaka. Hiyo ya kupanda inaandikwagwa kwa maandishi madogo ukurasa wa tatu.

Piga hesabu na mshahara unaoingia kwa akaunti. Ile namba ya barua ya kazi ni ya kuonyesha wazazi. PAYE, NSSF, SHIF ya asilimia 2.75 na housing levy ya asilimia 1.5 zitapita hapo kwanza. Maoni yangu: rent na service charge zikizidi theluthi ya kile kinabaki, hiyo keja si yako bado. Utakuwa unaishi ushuani na unakula indomie gizani.

Na usidhani kuna mahali pa haraka pa kukimbilia mkikosana. Sheria ya Rent Restriction, ile yenye tribunal ya kuwatetea wapangaji, inagusa nyumba ambazo rent haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Ndiyo, elfu mbili mia tano. Keja yako haiko hapo. Kinga yako ni kile kimeandikwa kwa mkataba, basi. Kwa hivyo usome, hata kama ajenti anaangalia saa.

Maji, hapo ndipo watu wanaliliaga

Nairobi maji mengi yanatoka bwawa la Ndakaini huko Murang'a, na hayatoshi. Kampuni ya maji ya jiji inagawa kwa zamu: mtaa huu siku hii, ule siku ile. Ushuani pia wako kwa hiyo ratiba. Fikiria Kilimani: pale palikuwa na bungalow moja na familia moja, leo kuna ghorofa yenye keja themanini, na barabara na mabomba hayakukua kwa mwendo huo.

Kwa hivyo ghorofa nyingi zinaishi kwa borehole au kwa lori. Borehole ni poa, lakini maji ya chini ya ardhi Nairobi sehemu nyingi yako na floraidi ya juu, ile inayoharibu meno ya watoto yakabaki na madoa ya kahawia. Kama unahama na mtoto, uliza waziwazi: maji yanachujwa? Na mashine ya kuchuja, ilifanyiwa service lini? Akikosa jibu, umepata jibu. Maji ya kunywa utanunua.

Lori nayo, swali ni nani analipa. Kuna landlord analipa mwenyewe, kuna wale wanagawia wapangaji bili. Mwezi wa kiangazi hiyo bili inaweza kukuharibia bajeti yote.

Vile unachunguza ni hivi. Usiende kuona keja Jumanne mchana wakati watu wako job na tangi limejaa. Nenda Sato asubuhi, saa tatu hivi, wakati ghorofa nzima inafua. Fungua shower na sinki ya jikoni pamoja, uone kama moja itakufa. Flush choo, hesabu dakika zinapita kabla kijae. Kisha toka nje, simama barabarani, inua macho uangalie balcony za majirani. Ukiona mitungi ya lita 20 imepangwa kila floor, hiyo ghorofa imeshakuambia ukweli wake. Ajenti atasema ni ya maua. Hizo ni story za jaba.

Halafu ongea na soja, si caretaker. Caretaker ameajiriwa na landlord. Soja anakesha hapo na hana sababu ya kukudanganya.

"Soja wangu, uko poa?"

"Niko fiti, boss."

"Hii ploti maji hukosekana?"

"Huku? Wiki iliyopita tulikaa siku tatu, mkubwa. Lakini wanasema watarekebisha."

Umeona? Mtoe chai, soo mbili si mbaya.

Runda wao wako na kampuni yao ya maji, ya mtaa wenyewe, na hiyo ni sababu moja ya rent yao kukutoa jasho. Karen sehemu kubwa haina laini ya sewer, kila boma liko na septic tank yake, na lori ya exhauster ikija utajua kabla uione. Kwa hivyo ukichukua nyumba Karen, andika kwa mkataba nani anaita hiyo lori na nani anailipa.

Kelele ya leo na ya mwaka ujao

Kelele ya leo ni rahisi. Nenda furahiday saa tano usiku, zima gari, fungua dirisha, kaa hapo nusu saa. Westlands, pande za ile wanaita Electric Avenue, ni noma kabisa kama unaamka saa kumi na moja. Kilimani pia kuna klabu zilizoingia katikati ya keja za watu. Mwisho wa 2022 Gavana Sakaja aliagiza leseni za klabu zilizo ndani ya makazi zifutwe, lakini wewe usilale kwa agizo la gavana, lala kwa masikio yako.

Kelele ya mwaka ujao ndiyo inanasa wageni. Umependa keja sababu dirisha la chumba linaangalia bungalow ya zamani yenye miti mikubwa. Tamu sana. Hiyo bungalow, kama iko Kilimani au Kileleshwa, iko kwa mnada wa mawazo ya mtu. Siku itauzwa utaona mabati yanazungushwa, halafu tingatinga, halafu miaka miwili ya nyundo na vumbi, na mwisho wake ukuta mbele ya jua lako. Zunguka block nzima kwa miguu kabla usaini. Ukiona mabati, tafuta bango la ujenzi na ulisome, limeandikwa kinachojengwa, mara nyingi hata idadi ya floor. Hiyo ni habari ya bure, na watu huipita tu.

Kuna pia Airbnb. Uliza ni keja ngapi kwa ghorofa zinakodishwa kwa siku. Kama ni nusu, lifti yako itakuwa na sura mpya kila jioni na masuti ya kuviringisha saa nane usiku. Ghorofa zingine zimekataza kabisa, na hizo ndizo mimi ningetafuta.

Wera iko wapi?

Hii ilifaa kuwa swali la kwanza, lakini najua ungeliruka. Office ikiwa Upper Hill au tao, Kilimani na Kileleshwa zinakupa maisha: mat namba 46 inapita Hurlingham na Yaya, 48 inaenda Kileleshwa, na siku ya msoto unaweza tembea. Office ikiwa Westlands, kaa Westlands, Parklands au Riverside, usijitese. Ikiwa Gigiri, fikiria Ruaka. Ndiyo, Ruaka ni Kiambu na hakuna mtu ataiita ya kishua, lakini Two Rivers iko karibu, keja ni mpya, na chenji inabaki. Shida ni Limuru Road asubuhi.

Karen bila ndai? Achana nayo. 24 na 111 zinapita barabara kubwa, sawa, lakini kutoka stage mpaka geti yako inaweza kuwa kilomita mbili za ua mrefu bila duka wala mtu. Usiku hiyo si matembezi. Runda ni vile vile, mat haiingii ndani, na mageti mengine boda haivuki. Utakuwa unalipa teksi kila siku mpaka useme kumbe ungechukua loan ya gari. Tena Julai, Karen na Kitisuru ni friji. Wenye nyumba hawakujenga fireplace kwa urembo.

Expressway, ile ya kilomita 27 kutoka Mlolongo mpaka Westlands iliyofunguliwa 2022, inasaidia sana msee anayesafiri kila wiki kupitia JKIA. Kwa wewe unayetoka Lavington kwenda Kilimani, haina kazi.

Jirani ambaye ajenti hamtaji

Kila mtaa wa kishua Nairobi uko na mwenzake. Lavington iko na Kawangware. Muthaiga iko na Mathare. Runda iko na Githogoro, Loresho iko na Kangemi, Kilimani si mbali na Kibera. Wageni wakisikia hivi wanashtuka. Mimi naona ni faida, na nitakwambia kwa nini: sukuma ya Kawangware na ile ya supermarket ni mboga moja, bei ndio tofauti. Fundi wa mabomba, kinyozi, mama chapo, mitumba ya Toi Market, wote wako dakika kumi. Watu wanaofua, kupika na kulinda ushuani wanaishi huko. Ile njia ya miguu kati ya mitaa miwili ndiyo ya kuangalia: iko na taa? Watu wanapita mpaka saa ngapi? Uliza dada anayerudi nayo kila jioni, yeye ndiye anajua.

Mto nao usiupuuze. Kirichwa inapita Kilimani na Kileleshwa, na Agosti 2018 serikali ilibomoa majengo yaliyokaa kwa mito, pamoja na Ukay Centre pale Westlands na petrol station ya Kileleshwa iliyokuwa na mkahawa. Yalikuwa majengo ya pesa nyingi. Mvua ya Aprili 2024 nayo ikakumbusha kila mtu maji hupita wapi. Keja ya chini kabisa, kando ya mto, yenye bei ya kushangaza? Umeshajua bei imetoka wapi.

Usiingie soko

Wasee wa kuchezea wageni wanapenda sana mtu anayehama akiwa mbali. Picha ni kali, bei ni nusu, mwenye nyumba "yuko nje ya nchi", na kuna watu wengine watatu wanaitaka leo, kwa hivyo tuma booking fee kwa M-Pesa. Usitume. Hata thao mbili. Keja hujaingia na miguu yako haipo.

Ajenti wa kisheria anasajiliwa na Estate Agents Registration Board, mwambie akuonyeshe cheti. Mlipaji wake kwa kawaida ni landlord, kwa hivyo "viewing fee" ni pesa ya broka wa kona. Kwa keja ya pesa nyingi, fanya search ya ardhi kwa Ardhisasa au mpe wakili afanye, uone jina la mwenye ploti linalingana na la kwa lease. Deposit iende kwa akaunti ya jina hilo, au ya kampuni ya ajenti iliyotajwa kwenye mkataba, na upewe risiti.

Na kama unaweza, kuja kwanza na begi moja. Chukua kitu cha wiki tatu, nne, kwa mtaa unaoufikiria. Nenda job kutoka hapo asubuhi, rudi na mvua ya jioni. Tembea uangalie mageti, kwa sababu keja nyingi nzuri haziko mtandaoni, ziko kwa kibao cha "To Let" kimefungwa na waya, na namba iko kwa simu ya soja. Ukifika pande za Ngong Road, pitia Woodley na Jamhuri pia. Hazina jina kubwa, ndio maana nazitaja.

Siku ya kuhamia, uliza geti mapema: estate nyingi haziruhusu lori Jumapili au jioni, na utajikuta na kochi lako barabarani. Kabla mizigo iingie, piga picha kila ukuta, kila bomba, kila mkwaruzo, na namba za mita ya stima na maji, tuma kwa ajenti kwa email siku hiyo hiyo. Halafu muulize rangi ya ukuta inaitwaje na ilinunuliwa wapi. Mikataba mingi inasema ukitoka unapaka upya, na landlord akipaka yeye, atachagua fundi ghali kuliko wote na atatoa kwa deposit yako.